Komoro: nchi inayoisubiri Julai

Sokoni Volo Volo, mjini Moroni, nilinunua chane ya ndizi. Mama muuzaji akapokea pesa, akaniambia, "Marahaba." Nikababaika. Kwetu marahaba ni jibu la shikamoo, na mimi sikuwa nimemwamkia. Nikadhani ananisuta kwa utovu wa adabu, nikaharakisha kurekebisha: "Shikamoo, mama." Akacheka mpaka mwenziwe wa meza ya pili akageuka kutazama. Kule marahaba ni asante.

Mswahili akifika Komoro huwa hivyo siku zote, nusu mwenyeji na nusu kiziwi. Maji ni madji, mtu ni mndru, chuoni ni shioni. Sentensi huanza unaifuata vizuri, ikifika katikati inakukwepa, mwishoni unaidaka tena. Umbali wenyewe si wa kutisha. Ndege kutoka Dar es Salaam hadi uwanja wa Hahaya huchukua saa moja na ushee, na bandarini majahazi na meli ndogo hupakia ng'ombe, vitunguu na viazi kwenda huko. Wangazija nao tunawaona Kariakoo wakinunua bidhaa, na tunawaona kwenye mabenchi ya hospitali zetu. Sayyid Ahmed bin Sumeit, kadhi mkubwa wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1925, alizaliwa Itsandra, mwendo mfupi kutoka Moroni. Chama cha kudai uhuru wa Komoro, MOLINACO, kiliundwa na Wakomoro waliokuwa huku kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1960, makao yake yakiwa Dar es Salaam. Pamoja na hayo yote, muulize Mtanzania wa kawaida Komoro ina visiwa vingapi uone atakavyokuna kichwa.

Vipo vitatu: Ngazija, Nzwani na Mwali. Cha nne, Maore, Wakomoro wanakihesabu chao lakini kipo mikononi mwa Ufaransa, nasi tutakirudia. Vitatu hivyo kwa pamoja havitofautiani sana na Unguja kwa ukubwa, na vina watu laki nane na zaidi. Uhuru ulitangazwa tarehe 6 Julai 1975. Haikutimia hata mwezi mmoja serikali ikapinduliwa. Tangu hapo mapinduzi na majaribio ya mapinduzi yamepita 20, kadhaa yakiwa na mkono wa mamluki mmoja Mfaransa, Bob Denard, aliyekuwa akiingia visiwani humo kama mtu anayerudi shambani kwake. Mwaka 1997 Nzwani ilijitenga. Mwaka 2008 askari wa Umoja wa Afrika, wakiwemo wa Tanzania, walishuka huko kumwondoa Kanali Mohamed Bacar aliyekuwa amegoma kuachia madaraka. Siasa hizo zimeandikwa sana, na zimewafanya wengi wetu tudhani Komoro ni nchi ya bunduki. Ukikaa huko wiki mbili utaona kwamba nchi ile inaendeshwa na kitu kingine kabisa. Inaendeshwa na harusi.

Ukitaka kuielewa, fika Julai. Ndipo shule za Ufaransa zinapofungwa, na ndipo Hahaya inapofurika. Wanateremka Wakomoro wanaoishi Ufaransa: akina mama wa Marseille na mabuibui yao na viatu vya raba, vijana waliozaliwa huko wanaozungumza Kingazija cha kubahatisha, watoto wanaolalamika joto kwa Kifaransa, na masanduku yaliyofungwa kamba kwa sababu zipu zimeshindwa. Wenyeji wamewapa jina: "je-viens", maneno ya Kifaransa yenye maana ya "naja". Jina hilo lina utani ndani yake na kijiwivu kidogo, lakini lina njaa pia, maana naja anapofika ndipo duka linapouza na teksi inapopata abiria. Fundi cherehani hana nafasi, na bendi ya taarabu inaombwa sehemu tatu usiku mmoja.

Wamekuja kwa ajili ya anda. Neno hilo ni ada yetu hii hii tunayoitaja kwenye mila na desturi, ila Ngazija imebeba uzito ambao kwetu haina. Mwanamume anaweza kuoa ndoa ya kawaida ujanani, akapata watoto hata wajukuu, akawa waziri au daktari, lakini kama hajafanya harusi kubwa mjini kwao bado ni mtoto wa mji. Kwenye baraza la wazee hana neno, na msikitini safu ya mbele si yake. Akishaitimiza, anakuwa mndru mdzima, mtu mzima, na joho lililotariziwa analovaa Ijumaa linasema hivyo bila yeye kufungua mdomo. Sherehe zenyewe si za siku moja. Zinakwenda wiki kadhaa, ngoma juu ya ngoma, maulidi juu ya maulidi, ng'ombe kadhaa wanachinjwa, dhahabu ya bibi harusi inapitishwa mbele ya watu, wa rika wanalishwa na wazee wanapewa bahasha. Kuna wanaojiwekea akiba miaka 20 kwa ajili ya wiki hizo chache, wakifagia korido za hospitali za Marseille usiku na kulala mchana.

Wachumi huitazama anda kwa jicho baya. Wanasema pesa hizo zingejenga viwanda. Mwaka 1976 alitokea rais aliyekubaliana nao, Ali Soilih, akaipiga marufuku harusi kubwa, akawapa vijana wa shule madaraka juu ya wazee, akateketeza hadi majalada ya serikali ili nchi ianze upya. Mei 1978 alipinduliwa na akina Denard, akauawa mwezi huo huo. Anda ikarudi kana kwamba haikuwahi kwenda popote. Mimi si mpenzi wa karamu za kukopa, nasema wazi. Lakini nilipotembea mitaa ya miji midogo ya Ngazija nikaona kitu ambacho mahesabu ya wachumi huwa hayakiandiki. Barabara ya kokoto pale, tangi la maji, msikiti mpya, darasa lenye bati jekundu: sehemu kubwa imetokana na michango ambayo mji humtoza kila anayetaka kuwa mtu mzima. Serikali kuu haipeleki pesa nyingi huko. Mji unamkamata mtu wake siku anapotaka heshima.

Na nyumba. Ngazija nyumba ni ya mwanamke. Baba na wajomba humjengea binti, mume huja kuhamia kwake, na ardhi ya ukoo inayoitwa manyahuli hupita kwa akina mama, haigawanywi wala haiuzwi hivi hivi. Nchi ni ya Kiislamu kindakindaki, na wanazuoni wamebishana sana kuhusu manyahuli na sheria ya mirathi, lakini yenyewe ipo. Mume akikosana na mkewe, anayefungasha nguo ni yeye.

Basi hiyo ndiyo mashine ya uchumi wa Komoro, na mafuta yake ni pesa zinazotumwa kutoka nje. Katika miaka ya karibuni zimekuwa takriban moja ya tano ya pato la taifa. Zinakuja kwa yuro, na faranga ya Komoro imefungwa kwenye yuro kwa kiwango kisichocheza: yuro moja kwa faranga 491.96775, na desimali zake zote. Ufaransa ndiyo mdhamini. Faida yake ni kwamba bei haziruki kama zinavyoruka kwetu. Hasara ni kwamba kila kitu cha nje kinanunuliwa kwa bei ya Ulaya na watu wenye kipato cha Afrika, na vitu vya nje ni vingi, kuanzia mchele. Wakomoro wanakula wali kama sisi watu wa pwani, lakini mchele wenyewe karibu wote unakuja kwa meli. Meli ikichelewa, Moroni hakuna mazungumzo mengine.

Wanachouza nje ni harufu: vanila, karafuu na langilangi. Sitanii, orodha ya mauzo makuu ya nje ya Komoro inaweza kuingia kwenye kikapu kimoja cha bibi harusi. Karafuu tunaijua wenyewe, haina haja ya maelezo kwa msomaji wa Pemba. Vanila ni kazi ya mikono na subira. Ua linafunguka asubuhi moja tu, lazima mtu alichavushe kwa kijiti kabla halijanyauka, kisha vanila yenyewe inakaa mtini miezi tisa kama mimba. Ikivunwa huchovywa kwenye maji ya moto, hufunikwa mablanketi itoke jasho, huanikwa na kuanuliwa siku baada ya siku hadi iwe nyeusi na laini. Bei yake haina adabu. Mwaka huu mkulima anajenga, mwaka wa tatu anauza bati.

Langilangi ndiyo nilitaka kuiona kwa macho. Zanzibar tunaiweka kwenye vikuba na mashada. Nzwani ni zao la biashara, na Komoro kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa mafuta yake duniani. Miti hukatwa na kupindwa isizidi kimo cha mtu, hivyo shamba zima linaonekana kama kundi la wazee waliopinda migongo. Wachumaji, wengi wao wanawake, huingia alfajiri kukiwa na umande, kwa sababu jua likipanda harufu inapungua. Wanachagua ua lililogeuka manjano na lenye doa jekundu kwenye kitako. Bichi haifai. Mzigo ukipimwa unapelekwa siku hiyo hiyo kwenye mtambo wa kukeneka, nao mara nyingi si chochote zaidi ya pipa kubwa la chuma, bomba linalopita kwenye maji baridi, na moto wa kuni chini. Mafuta yanayotoka mwanzo ndiyo ya daraja la juu na yana bei nzuri. Baada yake yanafuata madaraja ya chini, na moto unaendelea kuwaka saa 20 au zaidi. Kupata lita moja kunahitaji maua kilo 50 hivi.

Nilisimama karibu na pipa moja mpaka macho yakawasha kwa moshi. Chupa ya kukingia ilikuwa ya maji ya kunywa iliyokatwa shingo, na mafuta yalidondoka rangi ya chai ya rangi iliyozimuliwa. Hayo ndiyo yanayosafiri hadi Ufaransa kuingia kwenye manukato, yakiwemo yale mashuhuri ya Chanel No. 5 yaliyoanza kuuzwa mwaka 1921. Nikageuka nikatazama rundo la kuni nyuma yangu, lilikuwa refu kuliko mtambo wenyewe. Kilima cha juu kilikuwa na upara. Nzwani ilikuwa na mito mingi inayotiririka mwaka mzima. Mabaharia wa Kiingereza waliokuwa wakienda India walitia nanga Mutsamudu kwa ajili ya maji safi na machungwa. Leo mito mingi hiyo inaonekana tu mvua ikinyesha, na wanawake wanafua kwenye madimbwi.

Kutoka Nzwani hadi Maore ni kilomita 70 hivi. Mwishoni mwa mwaka 1974 visiwa vyote vinne vilipigiwa kura ya uhuru. Vitatu vikakubali kwa wingi mkubwa, Maore wengi wakakataa, na Ufaransa ikahesabu kisiwa kwa kisiwa. Mpaka mwaka 1995 watu walikwenda na kurudi kama mtu anavyotoka Unguja kwenda Pemba. Mwaka huo Ufaransa ikaweka viza. Tangu hapo watu huvuka usiku kwa vihori vya injini vinavyoitwa kwasa-kwasa, na waliokufa maji ni maelfu. Mama mjamzito anavuka kwa sababu hospitali ya Maore ni ya Kifaransa. Mwalimu anavuka kwa sababu mshahara wa kibarua wa kule ni mkubwa kuliko wake. Mwaka 2011 Maore ikawa mkoa kamili wa Ufaransa. Ukisimama Domoni, huko Nzwani, usiku wa hali ya hewa nzuri, kila kijana unayeongea naye anaujua mkondo wa bahari vizuri mno.

Hapo ndipo elimu inapoingia, kwa sababu shule ya Komoro kwa muda mrefu imekuwa ngazi ya kupandia ndege. Mtoto anaanza shioni, chuo cha Kurani, ambako mwalimu wake huitwa fundi. Anasoma Kiarabu asichokizungumza. Kisha anaingia shule ya msingi, anafundishwa kwa Kifaransa ambacho nacho hakizungumzi. Kikomoro anachokijua tangu kwa mama yake, na chenye fasihi simulizi tajiri, kinabaki uwanjani wakati wa mapumziko. Wanaonisoma kutoka Tanzania wasiharakishe kucheka, nasi tuna yetu na Kiingereza sekondari. Walimu wa serikali wamegoma mara nyingi kwa kudai malimbikizo ya mishahara, hata shule za binafsi zikaota kama uyoga Moroni, na mzazi mwenye ndugu Ufaransa ndiye anayemudu karo.

Chuo Kikuu cha Komoro kilianzishwa mwaka 2003 tu. Kabla ya hapo, aliyemaliza sekondari akitaka digrii alilazimika kuondoka: Madagaska, Moroko, Senegali, Sudani, Misri, Ufaransa. Ndiyo maana ukikaa na maafisa watano Moroni unakaa na nchi tano, kila mmoja na namna yake ya kunywa chai na namna yake ya kuendesha mkutano. Chuo kimesaidia vijana wasio na mjomba Marseille, na matawi yake yamefika Nzwani na Mwali. Lakini kazi za kuwapokea wahitimu ni chache, serikali ndiyo mwajiri mkubwa, na wengi wanasoma huku jicho moja likiwa kwenye ukurasa wa nafasi za masomo nje.

Sasa utalii. Kama hesabu ni ya watu wanaoshuka ndege, watalii wakubwa wa Komoro ni watoto wake wenyewe, hao hao akina naja. Wageni wengine ni wachache ajabu ukilinganisha na Zanzibar, Morisi au Shelisheli zilizoizunguka. Mara moja tu nchi hiyo ilikaribia kuingia kwenye mchezo huo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilifunguliwa hoteli kubwa ya Galawa, kaskazini mwa Ngazija, kwa mtaji wa Afrika Kusini. Ndipo ikaja tarehe 23 Novemba 1996. Ndege ya Ethiopia iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilitekwa, mafuta yakaisha, ikaanguka baharini mbele ya ufukwe wa hoteli hiyo. Watu 125 kati ya 175 walikufa. Kati yao alikuwa Mohamed Amin, mpigapicha Mkenya aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Wageni wa hoteli na wavuvi ndio waliokimbilia na vihori kuokoa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Galawa ikafungwa, baadaye ikabomolewa, na kazi za watu wengi wa mji wa jirani, Mitsamiouli, zikaenda nayo.

Vya kuona havikosekani. Karthala, volkano hai ya mita 2,361, ililipuka mara ya mwisho kwa nguvu katikati ya miaka ya 2000 na kuchafua visima vya watu kwa majivu. Ukiipanda, ondoka usiku na beba maji yako, njiani hakuna. Msikiti wa Ijumaa wa zamani wa Moroni, mweupe na matao yake, unasimama juu ya mawe meusi ya lava palipo bandari ya majahazi, na jioni bahari ikijaa unaonekana kama umetiwa maji mpaka magotini. Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote, kina hifadhi ya bahari tangu mwaka 2001, na kijiji cha Itsamia wanakijiji wenyewe wanalinda kasa wanaopanda kutaga. Kaa kimya, zima tochi, kasa anakuja.

Lakini mimi ningeanza na samaki. Wavuvi wa Komoro humwita gombesa. Nyama yake haina ladha, na inasimuliwa kwamba gamba lake lilifaa zaidi kukwaruzia mpira wa baiskeli kabla ya kuziba pancha. Wataalamu walidhani samaki wa jamii hiyo alitoweka pamoja na mijusi mikubwa ya kale, mpaka mwaka 1938 alipovuliwa mmoja Afrika Kusini. Profesa J.L.B. Smith akatafuta wa pili miaka 14, akisambaza karatasi za tangazo zenye picha ya samaki na ahadi ya pauni 100. Nahodha mmoja mfanyabiashara, Eric Hunt, alikutana naye Zanzibar mwaka 1952, akazibeba karatasi hizo hadi Komoro. Desemba mwaka huo gombesa akavuliwa Nzwani, akafika sokoni, na kabla hajakatwa vipande mtu aliyeiona picha akamtambua. Smith alipelekwa kwa ndege ya jeshi la Afrika Kusini kumfuata. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 samaki huyo amekuwa akinaswa na nyavu za Tanga pia. Ndugu zetu hawa wanatufuata mpaka chini ya maji.

Siku ya kuondoka nilipita mtaa mmoja nje ya Moroni wenye nyumba za matofali zisizopakwa rangi, kila paa limechomoza nondo kama nywele zilizosimama. Kwenye nyumba moja fundi mwashi alikuwa akichanganya zege peke yake. Alikuwa amefanya kazi Dar miaka ya nyuma, Kiswahili chake kilikuwa cha Kariakoo kabisa. Orofa ya chini ilikuwa imekamilika, na ya juu ilikuwa na kuta mbili.

"Hii ya juu itaisha lini, kaka?"

Akachomeka koleo kwenye mchanga, akatazama barabarani. Kibinti cha miaka sita hivi kilikuwa kinarudi kutoka shioni, mtandio umeteleza mabegani, kinakula embe.

"Muulize mwenye nyumba," akasema, "huyo anakuja."